Mlingoti wa Tatu

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wahenga walilitupa neno hilo wakaenda zao, na sisi tunalirudia kila siku kana kwamba ni jambo jepesi. Maana yake inaeleweka: mwenye jambo lake asiliache kwa sababu ya maneno ya watu, maana maneno yana sauti lakini hayana meno. Lakini hao wahenga hawakutuambia ng'ombe yule alijisikiaje siku ya kwanza alipoinamisha shingo na bwawa zima likampigia mayowe. Wala hawakusema afanye nini iwapo chura mwenye sauti nene kuliko wote ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, tumbo moja. Hayo wametuachia sisi tuyasimulie.

Ninayemsimulia hapa alikuwa golikipa, mwanamke mrefu wa mikono mirefu, aliyeajiriwa na timu ya wanawake ya ligi kuu. Kudaka ilikuwa kazi yake kama kushona ilivyokuwa kazi ya mama yake. Aliamka nayo, akala nayo, akalala nayo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, tena zuri, lakini tangu siku nitakayoieleza watu walimwita Mlingoti, na jina likamganda kama kupe. Basi na sisi tumwite hivyo hivyo, kwa sababu mwisho wa mambo hata yeye alilipenda.

Kila kipa ana namna yake ya kuikabili penalti. Wengi huchagua upande kabla mpira haujapigwa, wakajirusha, yaliyobaki wakamwachia Mungu. Mlingoti hakuwa hivyo. Kocha wa makipa, mama mtu mzima ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa mipira ya miaka mingi, alimfundisha kwamba mwenye haraka ni mpigaji, si mdakaji. Kwa hiyo alisimama katikati ya goli, magoti ameyalegeza kidogo, macho kwenye ule mguu ambao mpigaji anausimamia, wala hakunyanyua kisigino mpaka mpira uguswe. Kwa namna hiyo aliokoa mikwaju ambayo wenzake wasingeiona hata kwa darubini. Na kwa namna hiyo hiyo, mpira ulipopigwa vizuri sana pembeni, alibaki wima akiutazama unavyoingia.

Hapo ndipo msiba wake ulipokaa. Kipa anayeruka upande usio wa mpira huonekana amejitahidi, masikini, amevaa vumbi, apewe pole. Kipa anayefungwa akiwa amesimama huonekana amelala. Bao ni lile lile moja, lakini shabiki halitazami bao, anatazama vumbi.

Mechi iliyoleta balaa ilikuwa dhidi ya watani wao wa jadi. Timu zilikuwa sare mpaka dakika za mwisho, kisha beki mmoja akamkwatua mtu ndani ya boksi na refa akaonyesha penalti bila kufikiri mara mbili. Mlingoti akasimama kama desturi yake. Mpira ukapigwa chini, pembeni kabisa, ukagusa mlingoti wa goli kwa ndani, ukaingia. Hakuna kipa duniani ambaye angeufikia, labda awe na mkono wa akiba. Uwanja ukazizima kwa kitambo kidogo, na katika kimya kile, kutoka jukwaa la mashariki, ikapaa sauti moja nene.

"Jamani, goli letu lina milingoti mitatu!"

Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha uchungu ambacho mtu hucheka ili asilie. Mlingoti hakucheka. Sauti ile aliijua kabla hajajua kutembea. Ndiyo iliyomwimbia akiwa mtoto, ndiyo iliyomfundisha kuhesabu kwa kupiga mpira ukutani. Ilikuwa sauti ya mjomba wake.

Mjomba huyu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma. Siku za kazi alivaa ovaroli iliyotoboka kwa cheche. Siku za mechi alivaa jezi, akatundika ngoma shingoni, akawa kiongozi wa mashabiki wa jukwaa la mashariki. Yeye ndiye aliyemnunulia mpwa wake glavu za kwanza, zikiwa kubwa mpaka zikafungwa kwa kamba kwenye vifundo vya mikono. Na sasa yeye ndiye aliyemtungia wimbo. Kabla wiki haijaisha, wimbo ule ulikuwa unaimbwa vituoni, sokoni na kwenye simu za watu: mlingoti wa kushoto haulipwi, mlingoti wa kulia haulipwi, wa katikati una mshahara!

Wenyewe waliona ni utani. Lakini utani una mahali pake, na mahali pake si usoni pa mtu anayenunua sabuni. Muuza duka alimwuliza Mlingoti kama atainama mwenyewe kuichukua, au asubiri sabuni imfuate aliposimama. Watu wasiomjua walimtumia kwenye simu picha yake akiwa amepakwa rangi nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Wengine, na hawa hawakuwa na utani hata chembe, walimwandikia kwamba ameuza mechi, kwamba mwanamke hana analolijua golini, kwamba akafie mbali. Aliyasoma yote. Alikuwa akiyasoma asubuhi kabla hajapiga mswaki, kama mtu anayebonyeza jipu ili aone kama bado linauma.

Nyumbani mama yake aliyapata yake kwa mlango mwingine. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha mbele kilikuwa kimejaa vitambaa na wateja wenye midomo. Mteja mmoja alikuja kupimwa gauni, akasahau yuko kwa nani, akaanza kuuimba wimbo ule akitikisa mabega. Mama alikuwa amepiga magoti anapindia upindo, pini mdomoni. Alizitoa pini zile moja moja, akamwambia kwa upole mkubwa asimame kama mlingoti, asije akachomwa. Mteja akasimama wima mpaka kazi ikaisha.

Ndani ya timu kila mtu alikuwa na dawa yake ya maneno ya mashabiki, na kila mmoja alikuja kumwuzia. Mshambuliaji wao waliyemwita Kiberiti alijibu tusi kwa tusi, tena kwa riba, na kwa ajili hiyo alikuwa amefungiwa mechi mbili. Alimshauri Mlingoti naye afunguke, amalize hasira. Nahodha alikuwa na njia nyingine: ligi ikianza alimkabidhi mumewe simu, akaishi kama mtu wa zamani mpaka ligi iishe. Beki wa kushoto alilia bafuni, akanawa uso, akatoka akicheka. Mlingoti aliwasikiliza wote. Kutukana hakukuwa katika damu yake, simu alishindwa kuiacha, na machozi yaligoma kutoka.

Kisha mwenyekiti wa timu akamwita ofisini, chumba chenye kabati la vikombe vya zamani na feni inayolalamika. Msemaji wa timu alikuwa pembeni, simu mkononi, tayari kurekodi. Mwenyekiti aliongea kwa adabu ya mtu anayekufukuza huku anakukaribisha chai. Alisema yeye binafsi hana neno naye. Ila jukwaa ndilo linalojaza uwanja, na mkataba wake unaisha mwisho wa msimu. Jukwaa likimtaka, wataandika mkataba mwingine. Lisipomtaka, kuna kipa chipukizi anayeruka kama paka. Kwa hiyo njia nyepesi ni yeye kuomba radhi mbele ya simu ile, aseme anasikitika kwa kutojituma na kwamba siku nyingine ataruka.

Mlingoti aliyasoma maneno waliyomwandalia kwenye ukurasa mmoja. Akaurudisha ule ukurasa mezani.

"Niombe radhi kwa kufungwa, nitaomba hata sasa hivi," alisema. "Lakini kwa kusimama, hapana. Kusimama ndiyo kazi mliyoniajiria."

Mwenyekiti akatabasamu kwa meno ya mbele tu, akasema mazungumzo yataendelea msimu ukiisha. Mlingoti akatoka akijua wazi kinachomngoja. Ilikuwa ama jukwaa limpende kabla ya mechi ya mwisho, ama avue glavu. Na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala aliyoitaka.

Ukiona maji yamefika shingoni, nenda kwenye chanzo. Siku iliyofuata alikwenda kwenye karakana ya mjomba wake. Alimkuta amechuchumaa juu ya geti, kinyago usoni, cheche zikiruka huku na huku. Mwenye geti alikuwa amemsimamia kichwani, anamwelekeza: hapa paongezwe moto, pale pamepinda, kitasa kingekaa upande ule. Mjomba alivumilia, akavumilia, mwisho akazima mashine.

"Bwana," alisema, "geti hili likishatoka hapa ni lako. Likiwa hapa ni langu."

Bwana yule akanuna, akaenda kungojea kivulini. Mlingoti akamwamkia mjomba wake, akaitikiwa, akasogezewa kigoda kilichoungwa kwa vipande vya nondo. Wakaulizana habari za nyumbani, kwa kuwa mtu hakurupuki tu na la moyoni. Kisha akamwuliza kama wimbo ule ni wake.

"Ni wa jukwaa," mjomba akajibu.

"Jukwaa halina mdomo, mjomba."

Mzee akacheka, halafu kicheko kikamfia njiani. Akafuta jasho kwa mkono wa ovaroli. "Sikiliza, mwanangu. Nyumbani mimi ni mjomba wako, na mtu akikugusa atanitambua. Lakini kule juu mimi ni shabiki. Timu ile nimeipenda kabla hujazaliwa. Sasa nikikulinda wewe kwa kuwa ni damu yangu, kesho nitamsema nani?"

"Sikukatazi kusema. Nakuuliza unataka nini."

"Ruka," alisema mjomba. "Basi. Hata ukikosea upande, wewe ruka. Watu wanataka kukuona umechafuka. Ukichafuka tu, wimbo naufuta mwenyewe."

Mlingoti akamtazama yule bwana aliyenuna kivulini. Akamwuliza mjomba wake mbona yeye hakumsikiliza mwenye geti, naye alikuwa akisema anachokitaka. Mjomba akashangaa swali lenyewe. Alijibu kwamba yule mtu hajawahi kushika mashine ya kuchomelea hata siku moja, atamfundishaje fundi? Mlingoti akasubiri maneno hayo yamrudie aliyeyasema. Hayakumrudia. Mjomba akashusha kinyago, cheche zikaanza upya.

Ningependa kuwaambia kwamba ng'ombe wetu alitoka pale kifua mbele. Nitakuwa nimesema uongo. Alitoka pale akiwa amechoka. Mtu wa mbali akikutukana unaweza kusema hanijui. Aliyekufunga glavu za kwanza kwa kamba akikwambia ruka, neno hilo linaingia mpaka kwenye mifupa.

Mechi iliyofuata timu yake ilikuwa inaongoza mabao mawili kwa moja. Wangeshinda siku ile, wangekuwa wamekwepa kushuka daraja, na mechi ya mwisho wangeicheza kwa mbwembwe. Kipindi cha pili kikazeeka, na kama vile ibilisi ana ratiba yake, refa akaonyesha penalti. Jukwaa la mashariki likaanza, kwanza kama mvua ya mbali, kisha kama mvua ya bati: ruka! ruka! Ngoma ya mjomba ikashika mdundo. Mlingoti akasimama katikati, akautazama mguu wa mpigaji, na kabla mguu ule haujakanyaga chini, akaruka.

Aliruka vizuri, hilo tumpe. Alinyooka hewani kulia, akaanguka kwa ubavu, akateleza mpaka vumbi likampaka mashavu. Mpira ulipigwa hovyo, mpigaji alikuwa ameukosea. Ulipita taratibu pale pale alipokuwa amesimama, ukajiviringisha mpaka wavuni kama mgeni aliyekuta mlango wazi akaona aingie tu.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Jukwaa la mashariki lilimpigia makofi. Ndiyo, makofi. Walisimama wakapiga, wakasema amejitahidi, wakasema sasa huyu ndiye kipa, na mjomba akampigia ngoma ile ya sifa ambayo hupigiwa wafungaji. Amefungwa bao la kipuuzi kuliko yote aliyowahi kufungwa, ushindi umeyeyuka, timu iko ukingoni mwa shimo, na watu wanamshangilia kwa sababu amechafuka. Mlingoti akainuka, mchanga mdomoni, na makofi yale yakamuuma kuliko tusi lolote alilowahi kusoma.

Walipotoka, kocha wa makipa alimngoja mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Hakumpa pole wala hakumfokea. Aliinua mikono yake yenye vidole vilivyopinda, akapiga kofi moja dogo.

"Leo umedaka makofi," alimwambia. "Mpira umepita."

Nyumbani mama aliikuta jezi ndani ya beseni, maji yamekuwa tope. Aliikamua, akaitundika, akamkuta bintiye amekaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Akamwuliza kama pale golini alitaka kuruka. Mlingoti akasema hapana. Basi uliruka kwa ajili ya nani, mama akauliza, akarudi kwenye cherehani yake bila kungoja jibu. Ndipo machozi yaliyogoma wiki nzima yakatoka. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu ya jukwaa. Alijikasirikia mwenyewe. Alikuwa ameogopa kuzomewa, akaikana kazi aliyoijua kwa mikono, miguu na moyo wake. Ametukanwa akiwa amesimama, na ametukuzwa akiwa ameanguka. Kumbe tusi na sifa vyote vilikuwa vinatoka bwawa moja.

Alipomaliza kulia akapangusa uso, akamletea mama yake taulo. Makipa hutundika taulo wavuni kwa ajili ya kufutia glavu, na lake lilikuwa jeupe, halina alama. Akamwomba amdarizie maneno kwa uzi mwekundu, herufi kubwa, zionekane kutoka mbali. Mama aliposikia maneno yenyewe alisimamisha mguu kwenye cherehani. Kisha akachagua uzi mwekundu kuliko wote uliokuwa kwenye kopo.

Mechi ya mwisho ilikuwa ya kufa na kupona. Wakishinda, wanabaki ligi kuu. Sare au kufungwa, wanashuka. Mwenyekiti alimpigia kocha mkuu akimtaka ampange chipukizi. Kocha mkuu akababaika, akamtazama kocha wa makipa. Mama yule akasema habari za golini aulizwe yeye, na yeye ameshajibu. Mlingoti akavaa glavu.

Alipotoka kwenye njia ya wachezaji alikwenda moja kwa moja kwenye goli lililo chini ya jukwaa la mashariki, akatundika taulo lake wavuni, uso wa taulo ukiwaelekea mashabiki. Maneno mekundu yakasomeka mpaka viti vya juu: MLINGOTI WA TATU. Jukwaa likapigwa na butwaa. Wimbo uliokwisha kuanza ukakwama kooni mwa waimbaji, maana utamzomeaje mtu kwa jina ambalo amelitundika mwenyewe? Ngoma ya mjomba ikakosa mdundo mara mbili. Naye Mlingoti akawapa mgongo, akaanza kupasha mwili moto.

Kipindi cha pili, timu zilipobadilishana magoli, walirudi kulinda lile la chini ya jukwaa la mashariki. Kiberiti, aliyekuwa amemaliza adhabu yake, alitumia hasira zote alizokuwa amezihifadhi akafunga bao moja safi. Wakaling'ang'ania bao lile kama mtu anayeshikilia mlango usipeperushwe na upepo. Na dakika zikiwa zinakwisha, wasomaji mlishajua: mpira ukagonga mkono wa beki wa kushoto, refa akapuliza.

Mpigaji alikuwa nahodha wa wapinzani, mwanamke mfupi mwenye miguu ya akili. Nchi nzima ilikuwa imeona ile picha ya Mlingoti akiruka huku mpira ukipita katikati, na yeye alikuwa ameiona pia, si mara moja. Alipouweka mpira kwenye alama aliinua macho kuelekea jukwaani, na jukwaa likampa habari aliyoitaka. Butwaa lilikuwa limekwishawatoka. Walisimama wote, wakaanza: ruka! ruka! Ngoma ikaja juu. Hawa ni watu waliolala na njaa ili wanunue tiketi, timu yao inashuka mbele ya macho yao, na dawa waliyoijua ilikuwa hiyo moja.

Asikudanganye mtu kwamba Mlingoti hakusikia. Alisikia kila kitu. Aliisikia ngoma ya mjomba kifuani mwake, aliusikia wimbo, alimsikia mtu mmoja anayemwomba kwa jina la Mungu aruke. Aliuona mkataba wake ukiwa juu ya meza chini ya feni inayolalamika. Alijua kwamba akisimama na mpira ukaenda pembeni, hatadaka tena maisha yake yote, na wimbo ule utamfuata mpaka kwa wajukuu. Akalegeza magoti. Akautafuta mguu wa kusimamia wa yule mwanamke mfupi, akaukazia macho, na akasema moyoni kwamba akifungwa leo, afungwe akiwa yeye.

Mpigaji akaja kwa kasi kama anayetaka kupasua nyavu. Alikuwa ameshaamua tangu aliposikia jukwaa: kipa huyu ataruka, watu wake wamemkalia shingoni, hawezi kutoruka. Akatelezesha mguu chini ya mpira, akaunyanyua kidogo tu, polepole, katikati ya goli. Kama kipa angekuwa ameruka, angeanguka chini na kuutazama mpira ukipita juu yake kwa dharau.

Kisigino cha Mlingoti hakikunyanyuka. Mpira ukaja hewani, ukashuka, ukamkuta pale pale alipo, naye akaupokea kwa mikono miwili kifuani kama mtu anayepokea mtoto kutoka kwa mwenziwe.

Jukwaa la mashariki lilikuwa bado linapaza sauti aruke. Lilichukua muda kuelewa, neno lile likakatika midomoni mwao kipande kipande, mpaka ngoma ikabaki inalia peke yake, nayo ikanyamaza. Mlingoti aliukumbatia mpira, akageuka, akawatazama. Hakunyoosha kidole wala hakuziba masikio kama wanavyofanya wengine. Aliwatazama tu, akiwa wima. Ndipo uwanja ukalipuka.

Filimbi ya mwisho ilipolia watu waliruka uzio. Mabingwa wa maneno wakaanza kusema walijua tangu zamani kwamba kipa huyu hana mfano. Mwenyekiti alishuka akitabasamu, safari hii kwa meno yote, akisema mkataba uko tayari hata leo. Mlingoti akamjibu kwamba atausoma kwanza. Msemaji naye akaja mbio na simu yake, akaomba neno moja tu kwa mashabiki, hasa wale waliomkosoa.

"Mwakani nitasimama tena," Mlingoti aliiambia simu ile. "Nitafungwa nikiwa nimesimama, na nitaokoa nikiwa nimesimama. Anayependa kuona warukao, akatazame panzi."

Msemaji akauliza kama angependa kurudia kwa maneno laini zaidi. Hakupenda.

Mjomba alimngoja kwenye lango la kutokea, ngoma bado shingoni, macho mekundu kwa kulia. Alimkumbatia kwa nguvu mpaka ngoma ikawabana wote wawili. Kisha, kwa kuwa shabiki hafi na neno moyoni, akaanza kueleza kwamba kwa kweli jukwaa nalo lisisahauliwe. Si wao waliomdanganya mpigaji kwa kelele zao? Bila ule mdundo, yule mwanamke angepiga pembeni. Kwa hiyo ukipima vizuri, mpira ule waliudaka pamoja.

Mlingoti akacheka, mara ya kwanza tangu balaa lile lianze. Akamrekebishia mzee kola ya jezi, kama alivyokuwa akirekebishiwa yeye zamani.

"Shikamoo yako iko pale pale, mjomba," alimwambia. "Ngoma ni yako, piga. Tiketi ni yako, ukitaka kuzomea zomea. Lakini goli nikiwa nimesimama ndani yake, ni langu."

Mjomba akafungua mdomo ajibu. Maneno hayo aliwahi kuyasikia mahali, na ilimchukua kitambo kukumbuka ni nani aliyeyasema, na mbele ya geti la nani. Akaivua ngoma shingoni, akaibeba kwapani, wakatembea pamoja kuelekea nyumbani kwa mama bila yeye kusema kitu njia nzima, jambo ambalo jirani zake hawakuwahi kulishuhudia.

Msimu mpya ulipoanza, taulo lenye herufi nyekundu lilitundikwa pale pale, na katika mechi ya kwanza tu Mlingoti akafungwa penalti akiwa wima kama mnara. Jukwaa likazomea, kwa nini lisizomee, ndiyo kazi yake. Yeye akauokota mpira wavuni, akafuta glavu zake, akarudi kusimama katikati ya goli, kwa maana kelele za chura, hata chura huyo akiwa mjomba, hazimzuii ng'ombe kunywa maji.